Mkeka wa Kusomea: Kutoka Kinda la Mkindu Hadi Mstari wa 21

Juni, wiki ya pili

Mkeka wetu wa barazani umekatika katikati, pale pale tunapokaa sana. Baba watoto alishauri tununue wa plastiki tukienda Lindi mjini: unaoshwa kwa maji, hauliwi na panya, bei nafuu. Nimemwomba anipe mpaka msimu wa korosho. Mama mkwe bado ana nguvu za vidole, mimi mwenyewe nilikuwa nasuka ukili, ule mkanda mrefu unaokatwa vipande na kushonwa kuwa mkeka, kabla ya kuolewa kisha nikaacha, na watoto wetu watatu hawajui hata kuchana ukindu, yaani majani ya mkindu. Tukinunua wa plastiki mwaka huu, hawatajua tena.

Ninautaka mkeka wa kutukalisha sote sita tunaposoma baada ya magharibi. Urefu pima moja na nusu, upana pima moja (pima ni mikono miwili ikinyooshwa). Ukili wa vidole vitatu una upana kama sentimita 5, kwa hiyo inahitajika mistari 36, jumla pima 54. Nimeandika 54 kwa mkaa kwenye nguzo ya baraza ili nisijidanganye.

Siku nne baadaye

Tumeshuka bondeni, upande wa Mto Lukuledi, kukata ukindu. Kinachotakiwa ni kinda, lile jani la kati ambalo halijafunguka, limesimama kama mkuki. Jani likishafunguka na kuwa kijani halifai kwa mkeka mzuri, hukakamaa na kukatika. Chini ya kila kuti kuna miiba mirefu, na binti mkubwa amerudi na mikwaruzo mikono yote miwili.

Mama mkwe ametuwekea sharti kabla panga halijagusa kitu: shina moja, kinda moja. "Ukilimaliza shina leo, mwakani utakuja hapa kutazama kisiki," alimwambia kijana wangu, ambaye tayari alikuwa amelenga la pili. Tulizunguka sana kwa ajili ya sharti hilo. Tumerudi na makinda 40.

Tumeyaanika juani siku tatu, na usiku tumeyaacha nje yapigwe na umande. Siku ya tatu yamekuwa meupe kama karatasi. Nilikuwa nimesahau harufu ya ukindu unaokauka. Inafanana na ya majani makavu baada ya mvua ya kwanza, ila ni tamu zaidi.

Juni mwishoni

Kuchana. Unatoa uti wa kati, unagawa jani kwa ncha ya sindano, unapata chane. Chane zikipishana unene, ukili unakuwa na mawimbi, na mkeka utakaoshonwa kwa ukili huo hautalala chini hata uukalie miaka miwili. Binti mkubwa (ana miaka 13) ana jicho zuri kuliko langu. Kazi ya kuchana nimemwachia yeye.

Tunasuka kwa chane 13. Kabla ya kuanza tunazifunga kwenye kanga yenye maji, kwa sababu ukindu mkavu unavunjika kwenye mkunjo. Ndiyo maana wazee walikuwa wakisuka alfajiri na jioni. Mchana wa kusi hewa ni kavu, unakunja mara tatu chane imekatika.

Julai

Hapa limetokea jambo ambalo sikulipangia, na ndilo linalonifanya niendelee kuandika kumbukumbu hizi.

Nyumbani kwetu tuna ada. Baada ya magharibi watoto wanasoma Juzuu Amma kwa baba yao, tunaswali isha, kisha kinasomwa kitabu kingine chochote kilichopo, kiwe cha shule au cha kuazima. Kijana wangu wa miaka 10 ada hii ilikuwa inamshinda. Amekwama kwenye Sura An-Nabaa, aya 40, tangu mwaka jana. Ukimkalisha na msahafu dakika kumi anatafuta mbu wa kumfukuza. Tumemgombeza, tumembembeleza, baba yake alifikia hata kumnyima mpira.

Jioni moja nilimpa mwanzo wa ukili ashike tu, nikaloweshe chane nyingine. Niliporudi alikuwa anasuka. Vibaya, lakini anasuka, na huku anafuatisha aya ambazo baba yake anamsomea. Aya tano bila kuinua kichwa! Mikono ilipata kazi, masikio yakatulia. Tumejaribu kesho yake, ikawa vilevile. Sasa kila jioni tunakaa hivyo: mmoja anasoma karibu na taa ya sola, wengine wote wanasuka.

Jirani mmoja alipita akauliza tangu lini mtoto wa kiume anasuka ukili, kazi ya wanawake. Nilitaka kujibu, mama mkwe akaniwahi: "Si ataukalia? Basi na ausuke."

Julai, jioni ya Ijumaa

Leo baba watoto amesoma habari za Kilwa kwenye kitabu cha historia cha binti. Kilwa iko mkoani kwetu huu huu, lakini watoto walikuwa wanaisikia kama nchi ya mbali. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika pale mwaka 1331, akamkuta Sultani Hassan bin Suleiman, aliyesifika kwa ukarimu hata akaitwa Baba wa Zawadi. Kuna siku sultani alikuwa anatoka msikitini baada ya swala ya Ijumaa, fakiri mmoja akamsimamisha na kumwomba nguo alizovaa mwilini. Akasema nitakupa. Fakiri akataka saa ile ile. Sultani akarudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akamkabidhi zile.

Mikono yote ilisimama. Kitinda mimba, miaka 6, akauliza kama zile nguo za khatibu zilimtosha sultani. Baba yake alifungua tena ukurasa kutafuta, hakupata jibu. Bibi akasema zilimtosha. Tukaendelea kusuka.

Agosti

Wiki mbili kazi imelala. Baba watoto yuko kwenye mikorosho, anapuliza salfa kabla ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, haujaharibu maua, anarudi usiku ananuka kiberiti na macho mekundu. Hana nguvu ya kusoma. Binti amechukua nafasi yake. Anasoma haraka mno, lakini anasoma. Mchana ni ming'oko (viazi pori) ya kuchemsha, usiku ni bada, ugali wa muhogo, na mbaazi za nazi, na ukili pima mbili tu kwa wiki nzima.

Agosti mwishoni: rangi

Nilitaka mistari michache ya zambarau na michache myeusi. Nyeusi ameitengeneza mama mkwe kwa mizizi ya mdaa, kama alivyofundishwa na mama yake: inapondwa, inachemshwa pamoja na chane mpaka zinywe rangi. Imetoka nyeusi iliyotulia, ukiisugua haitoki.

Zambarau nilinunua ya unga sokoni. Nikachemsha, nikatumbukiza, nikaanika. Sikusuuza. Nilizisuka zikiwa na unyevu pamoja na chane nyeupe, na asubuhi pima nne nzima zilikuwa na madoa kama mtu amemwagia juisi ya zambarau. Niliumia, kwa sababu meupe yale yalikuwa ya kinda zuri kuliko yote tuliyokata. Nimezisuuza zambarau zilizobaki kwa maji matatu mpaka yakatoka masafi, nimezikausha kivulini, na sasa hazichafui. Zile pima nne nimezitenga, zitashonwa upande wa ukutani.

Septemba

Pima ya 54 imekamilika! Tumekunjua ukili wote uani ili tuukate vipande. Baba watoto akaleta futi kamba, na hapo ndipo furaha ikakatika. Mimi nilikuwa napimia kwa mikono yangu, na nikinyoosha mikono yote miwili napata sentimita 155. Mkeka niliouchora ardhini Juni tuliupima kwa mikono yake yeye, nayo ni 180. Tulihitaji mita 97, tunazo karibu 84. Nimepungukiwa na mita 13 na ushei, ambazo ni pima 9 za mikono yangu.

Mama mkwe hakusema neno. Alikwenda ndani akaleta fimbo aliyokuwa akipimia zamani, akaisimamisha kando ya nguzo, pembeni ya ile 54. Nimefuta nikaandika 63.

Oktoba, wiki ya kwanza

Tumeanza kushona hata kabla pima zote hazijatimia. Shazia, sindano kubwa ya kushonea mikeka, iko mkononi mwa bibi, mimi naweka kingo mbili pamoja. Mshono mzuri hauonekani: unapita kwenye mkunjo wa ukili huu na mkunjo wa ukili ule, unavutwa kiasi. Ukivuta sana mkeka unajikunja kama mtumbwi. Mistari 6 ya kwanza tulifumua mara mbili.

Kitinda mimba naye amesuka ukili wake, shibiri tatu, chane 7 tu, mpana huku mwembamba kule. Nilidhani bibi atauweka kando kama kumbukumbu. Amesema ushonwe kwenye mstari wa mlangoni, anapokaa mtoto mwenyewe.

Oktoba, wiki ya tatu

Korosho zimeanza kuanguka. Kuanzia kesho alfajiri sote tuko chini ya mikorosho, kuokota, kutenganisha na mabibo, kuanika, mpaka magunia yafike chama cha msingi cha ushirika. Ukindu uliobaki nimeufunga kwenye kanga kuukuu na kuuning'iniza darini jikoni, moshi uuepushe na wadudu.

Tumeshona mistari 21, upana wa mita moja tu. Jana usiku tumeutandika hivyo hivyo. Tulibanana, kitinda mimba mapajani mwa bibi, baba watoto mguu mmoja sakafuni. Kijana alisoma An-Nabaa kutoka aya ya 1 hadi ya 40, akakosea ya 37, akarudi mwenyewe kuisahihisha. Hakuwa na ukili mkononi. Alikuwa anapitisha kidole kwenye mshono wa mstari mweusi, huku na huku, mpaka akamaliza.