Miwani ya polaraizi kwa sisi wavuvi wa mshipi tuliovuka hamsini, nilivyochagua yangu

Wadau wa mshipi, hii ni kwa wale ambao mkono umekuwa mfupi, yaani unasogeza pakiti ya ndoano mbaliii na bado husomi namba yake. Mi nina 58, navua hapa Dar upande wa Mbudya na Bongoyo, wikiendi tu, sio wa kuuza. Shida ilikuwa mbili kwa mpigo, maji yanameremeta mpaka sijui mwamba unaanzia wapi, halafu nikishusha macho mkononi tundu la ndoano silioni. Kijana wa boti ndo akawa ananifungia, "lete mzee nikusaidie", siku ya kwanza unashukuru, baadae inaanza kukera.

Na sisi wa Dar tuna balaa letu, bahari iko mashariki, asubuhi unatoka jua usoni, jioni unarudi mjini limeshahamia magharibi liko usoni tena.

Kabla ya kununua chochote nilienda kupima macho kwanza, na hapa naomba msiruke, maana mwanga kukuumiza na taa za magari usiku kutawanyika inaweza kuwa mtoto wa jicho anaanza, na huyo hatibiwi na miwani ya jua. Mi nikaambiwa sina, ni umri tu, lenzi ya ndani ya jicho imekakamaa haijikunji tena kuona karibu, ya kusomea nivae plasi mbili. Ila mtaalamu akaniambia kitu kilichobadilisha hesabu yangu yote: mboni ya mtu mzima inakuwa ndogo na lenzi inaingia unjano, jicho la miaka 60 linapitisha mpaka ndani kama theluthi tu ya mwanga anaoupata kijana wa 20. Kwahiyo miwani nyeusi tii ambayo kijana anaona poa, kwangu ni kama kuvua usiku. Sisi hatuhitaji giza, tunahitaji ule mng'ao wa juu ya maji uondoke na mwanga mwingine ubaki.

Ndo kazi ya polaraizi hiyo. Mwanga ukigonga uso wa maji ukarudi, sehemu kubwa unatikisika kwa ulalo, na lenzi ya polaraizi inauzuia huo wa ulalo inaruhusu wa wima. Inafanya kazi vizuri zaidi jua likiwa nyuzi kama 37 juu ya upeo wa macho, kwa Dar ni kuelekea saa tatu asubuhi na tena saa tisa na kitu mpaka saa kumi, na ukiangalia maji ya mita chache mbele ya boti. Saa hizo nilishangaa, matumbawe unayaona, mchanga unauona, hata tasi wakipita unawaona. Saa sita jua likiwa utosini tofauti inapungua, usidhani umeuziwa feki.

Feki zipo lakini, nyingi tu. Kariakoo kijana akaniamkia vizuri kabisa, "shikamoo mzee, hii original polaraizi", nikaitika marahaba nikatoa simu. Washa kioo mwanga mwingi, angalia kupitia lenzi moja huku unaizungusha miwani taratibu, simu nyingi kuna mahali kioo kitafifia au kuzima kabisa, ukizungusha duara zima na hakuna kilichobadilika hiyo huenda ni plastiki ya rangi tu. Au chukua mbili unazoambiwa ni polaraizi, weka lenzi moja juu ya nyingine moja imelala moja imesimama, lazima pawe giza. Nyingi za meza ile zikafeli, kijana akacheka tu.

Kuna kitu watu wanachanganya, polaraizi sio kinga ya UV, ile mionzi ya jua isiyoonekana inayodhuru macho, ni vitu viwili. Tafuta iliyoandikwa UV400, na kwa vile maandishi hata mi naweza kuandika, duka la miwani lenye mashine ya kupima wanakupimia papo hapo. Nyeusi isiyo na UV ni mbaya kuliko kuvua macho makavu, maana gizani mboni inafunguka na ile mionzi inaingia vizuri zaidi.

Ndani ya mkono wa miwani huwa kuna kategoria. 3 inapitisha asilimia 8 mpaka 18 ya mwanga, 2 inapitisha 18 mpaka 43. Ya 4 achaneni nayo, na hairuhusiwi kuendeshea gari. Mi nikachukua 3 ya kahawia. Kijivu ni nzuri kwa wanaofuata nguru huko maji makubwa kwa sababu haibadilishi rangi, ila kwenye mwamba wa maji madogo kahawia inatenganisha mchanga, majani na samaki, na macho ya umri wetu yanahitaji huo msaada.

Sasa ndoano. Kuna vile vipande laini vya kusomea, vya kubandika kwa maji sehemu ya chini ya lenzi, vinafaa ukiwa huna hela, ila chumvi na joto vinabanduka. Nikaamua kukatiwa bifokali, kidirisha kidogo cha plasi mbili chini kabisa. Sisitiza kiwe kidogo na kiwe chini, kikipanda juu ukishuka kwenye boti mguu wako unauona kwa ukungu, na mawe yenye ukoga wa kijani hayana huruma na mzee. Fremu iwe inafunika pembeni, mwanga wa ubavuni unaingia nyuma ya lenzi unakurudishia mng'ao uleule, ila ikipinda sana bifokali haikai sawa, mi nikachagua ya kupinda kiasi.

Alfajiri kabla jua halijatoka siivai kabisa, nafungia ndoano kwa miwani nyeupe ya kusomea na tochi ya kichwani. Na kioo cha GPS ya boti kikiwa cheusi ghafla msimlaumu nahodha, inamisha kichwa kidogo upande kitarudi.

Maji ya chumvi yakikauka usifute na fulana, chumvi inachuna lenzi, mwagia maji baridi ya kunywa kwanza. Na kamba ya shingoni nunua siku hiyohiyo, plastiki ama kioo vyote vinazama.