Kaunta buku la kona zilizoliwa

Barua ya uhamisho iko mezani tangu Jumatatu, na leo Alhamisi ndiyo nimefungua droo ya chini. Nimetoa viatu vya mvua, chaja tatu zisizo na simu, kanga ya kijani yenye doa la chai, na kaunta buku jeusi ambalo kona zake zimeliwa na panya. Hilo kaunta buku ndilo limeninyima usingizi.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Mtaani wananiita Ustawi tu, kama vile ndilo jina nililopewa na wazazi. "Ustawi, kuna mtoto hapa." Nimekaa miaka tisa katika mji huu mdogo wa kando ya barabara kuu, ambako mabasi ya usiku yanasimama watu wale chipsi na kuchimba dawa, na mara nyingine yanaondoka yameacha mtoto.

Nilipoanza, mtoto akiokotwa saa nne usiku nilikuwa na njia tatu. Kumlaza kwenye benchi la kaunta ya polisi, kama askari wa zamu ni mtu mwema. Kumpeleka makao ya watoto, mwendo wa saa mbili kwa gari ambalo halina mafuta. Au kumchukua kwangu, jambo ambalo hakuna mwalimu aliyetufundisha pale chuo cha ustawi wa jamii, Kijitonyama, Dar es Salaam, lakini kila niliyesoma naye ameshalifanya na hasemi. Doa la chai kwenye kanga ni la usiku mmoja wa aina hiyo.

Tatizo halikuwa watu kukaa kimya. Sheria ya Mtoto ya 2009 hapa Tanzania inamtaka yeyote anayejua mtoto anavunjiwa haki yake atoe taarifa kwa serikali ya eneo lake, na watu wetu walitoa. Namba 116, ile ya kuripoti shida za watoto, inapigwa bure, nayo waliipiga. Ule utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 na kutolewa 2011, uliosema karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, nilikuwa naukariri kwenye kila semina. Takwimu nilikuwa nazo. Kitanda ndicho sikuwa nacho.

Ndipo zikaja familia za kuaminika. Kwa asiyejua: ni familia ya kawaida ya mtaani inayojitolea kumpokea mtoto kwa dharura, siku chache, wakati sisi tunatafuta ndugu au tunasubiri mahakama. Hailipwi mshahara. Unaikagua nyumba, unauliza majirani, unapata barua ya mwenyekiti wa mtaa, unaifundisha, halafu unaomba Mungu. Mfadhili alitoa pesa za mafunzo, tukaanza na familia 18.

Wa kwanza kunikubalia alikuwa mama mmoja muuza vitumbua. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anageuza vitumbua kwa kijiti bila kuvitazama, na fomu yangu ya maswali niliishika mbali na mafuta. Nani analala chumba gani? Kuna mwanaume mgeni anayeingia hapa? Ulevi? Alijibu yote, kisha akasema, "Na wewe utakuja lini kutuangalia? Maana mgeni huletwa, halafu aliyemleta haonekani." Fomu haikuwa na nafasi ya swali hilo. Nililiandika pembeni.

Miezi sita mambo yalikwenda vizuri mno, na hapo ndipo nilipojisahau. Tulikuwa na kundi la WhatsApp: watendaji wa kata, wenyeviti, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, walimu wawili watatu, na familia zetu. Mtoto akionekana stendi, dakika kumi baadaye tuna pa kumpeleka. Wageni walikuja kuona. Tulipigwa picha na bango lenye neno UBUNIFU kwa herufi kubwa, neno ambalo mpaka leo likitamkwa ukumbini natazama saa.

Kisha akaja binti wa miaka minane mwenye alama za kijiko cha moto mkononi. Dawati walichukua maelezo, PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea hospitali, ikajazwa, tukaenda hospitali, na saa tano usiku nikamkabidhi kwa mama wa vitumbua. Asubuhi, mmoja wetu kwenye kundi, kwa nia njema kabisa, akaweka picha ya binti na mama wamekaa mlangoni. Alitaja mtaa. Alimshukuru mama kwa moyo wake na kuweka vikatuni vya mikono inayoomba. Mpaka jioni picha ilikuwa kwenye makundi ya vikoba, ya kwaya na ya bodaboda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilikuwa imeshapita, lakini hakuna hata mmoja wetu kwenye kundi lile aliyekuwa ameifungua.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri baba wa kambo alikuwa mlangoni. Mama alikuwa ameshaamka, yuko jikoni uani na mafuta yamechemka. Kwa maelezo yake, alimwambia, "Ingia, lakini pita hapa nilipo mimi." Yule bwana aliangalia karai, akaangalia mkono wa mama, akageuka. Nilipofika na askari nilimkuta mtoto uvunguni na vitumbua vimeungua karai zima.

"Nimeunguza vya elfu nne," mama alisema. Halafu, taratibu: "Nani alimwambia yuko kwangu?"

Bosi wangu alisimamisha kila kitu siku hiyo hiyo. Kundi lifungwe, familia zisubiri "maelekezo". Nilikasirika, ila simlaumu sana. Yeye ndiye angeulizwa. Kilichonikera ni kitu kingine, na ilinichukua wiki kadhaa kukitambua: katika miaka yote ile hakuna bosi aliyewahi kuulizwa kuhusu mtoto aliyelala kwenye benchi la polisi. Jambo jipya likiharibika lina jina la mtu. La zamani likiharibika tunaliita hali halisi, tunakunywa chai.

Nilinunua kaunta buku kwa hasira. Nikachora safu tano: tarehe, saa, umri, amelala wapi, amekula nini. Hiyo ya mwisho niliongeza tu, sijui kwa nini, lakini ndiyo inayosomeka vibaya kuliko zote. *Chai ya askari. Chai ya askari. Muhogo. Hakuna.* Miezi minne, kurasa mbili na nusu, usiku 23. Kuna mstari unasema: *mvulana, miaka 6 hivi, benchi, karibu na mlevi, hakulala.* Kuna mwingine wa mwezi wa tatu: *msichana, 11 au 12, alitoka alfajiri kwenda kujisaidia, hakurudi.* Huyo sikumpata. Basi likisimama usiku na mimi niko njiani, bado natazama.

Nilimpelekea bosi. Akasoma, akanyamaza, akasema tungoje. Basi nikampelekea mkaguzi wa ndani, mtu ambaye sisi wote tulikuwa tunamkimbia kwenye korido kwa sababu ya stakabadhi za mafuta. Mtu mkavu, hacheki. Alipitisha kidole kwenye kila mstari kama anahesabu pesa. Kisha akatoa rejista ya vihatarishi ya halmashauri, yaani orodha ya hatari ambazo ofisi inapaswa kujikinga nazo, akanionyesha vilivyomo. Moto. Makusanyo kushuka. Wizi wa vifaa. Mfumo wa kompyuta kukwama.

"Hiki chako hakimo," alisema.

Nikamwambia najua.

"Kikiingia, kuna safu hii hapa. Mmiliki wa kihatarishi. Nani mmiliki wa huyu aliyelala karibu na mlevi?"

Sikuwa na jibu. Nikasema niandike mimi, nikaanza kutaja jina langu. Akanikatiza: "Andika cheo. Jina linahama."

Nimelikumbuka neno hilo tangu Jumatatu.

Kwa hiyo kihatarishi kiliingia: mtoto kulala mahali pasipo salama kwa kukosa malezi ya dharura. Na kwa kuwa rejista inataka useme utafanya nini kukipunguza, zile familia zilirudi kwa mlango wa nyuma, safari hii zikiwa dawa ya hatari badala ya kuwa hatari yenyewe. Bosi alisaini. Nadhani alifurahi kupata karatasi ya kusimamia, maana hata yeye ni mzazi.

Tulirudi na masharti ambayo hakuna mgeni angekuja kuyapiga picha. Kundini hakuna picha, jina wala mtaa, ni namba ya jalada tu. Nyumba aliko mtoto inajulikana na watu wawili, mimi na askari wa Dawati. Natembelea bila kutoa taarifa, na mtoto naongea naye peke yake, nje, chini ya mti, mahali wanapotuona lakini hawatusikii. Na saa mbili usiku, kila usiku ambao mtoto yupo kwenye nyumba ya watu, napiga simu. Amekula? Amesema nini leo? Nani amefika hapo? Halafu nipe niongee naye.

Si kila kitu nilichobuni kilistahili kuokolewa. Niliwahi kuwatumia bodaboda wawili kusafirisha watoto usiku, nikawapa na vizibao vya kuakisi mwanga. Nililifuta mwenyewe kabla halijaharibika. Siku moja nilimtazama mmoja wao akiondoka na mtoto gizani nikajiuliza ninamjua kwa lipi, nikagundua ninajua namba ya pikipiki tu.

Mwaka uliofuata mradi wa mfadhili uliisha. Bango bado liko stoo, limekunjwa. Familia zikaanza kupungua, 18 zikawa 12, zikawa 7. Ofisini kila mtu alijua sababu: posho ya mikutano imekwisha. Nami niliamini hivyo mpaka nilipowazungukia wale 11 walioacha. Wawili walitaja unga na sabuni, na walikuwa na haki, maana kumlisha mtoto wa watu wiki mbili si mchezo. Mmoja alikuwa amehama. Waliobaki walisema kitu kile kile kwa maneno tofauti. Baba mmoja fundi viatu ndiye aliyekisema bila kuzunguka: "Uliniletea mtoto analia usiku anaita mama. Nikakupigia mara tano. Hukupokea. Nikajiona nimemwiba."

Ilikuwa wiki niliyokuwa semina. Mada ilikuwa uendelevu.

Pesa kidogo zilipatikana baadaye kutoka mapato ya ndani, baada ya kukataliwa bajeti mbili. Diwani mmoja aliuliza kwenye kikao, "Hii vocha ya simu ni ya nini hasa?" na nikasoma mistari minne ya kaunta buku badala ya kujibu. Kifungu kikapita. Kinatosha sabuni, unga na hiyo vocha, kwa kubana. Kabla ya hapo vocha ilitoka mfukoni kwangu, na sijivunii. Kazi inayoishi kwa mfuko wa mtu mmoja inakufa siku anapougua.

Hapo ndipo barua hii ya uhamisho iliponiumbua. Kijana anayepokea nafasi yangu amefika juzi, mpole, shati limepigwa pasi kali. Swali lake la kwanza lilikuwa la heshima kabisa: "Dada, hizo namba za familia ziko kwenye jalada gani?" Nikafungua mdomo, nikaufunga. Namba saba zote ziko kwenye laini yangu. Majina ya watoto wao, nani ana kisukari, nani mumewe akinywa usimpelekee msichana, yote yako kichwani mwangu. Miaka miwili nimemlaumu bosi na halmashauri kwamba hawaimiliki kazi hii, kumbe nimeishika mwenyewe kama mwali.

Tumeshinda siku mbili tunaandika. Cheo, si jina. Nyumba sita tumezitembelea kwa miguu, nimemtambulisha, ameketi, amekula alichopewa (nilimwonya asikatae). Yule fundi viatu aliyeacha tumempitia pia. Amesema atafikiri. Nyumba ya saba, ya mama wa vitumbua, ni kesho asubuhi, na huko kuna mtoto tangu Jumanne.

Leo saa mbili usiku tulikuwa bado ofisini. Nikamwambia kijana apige yeye, kwa simu yake, aanze kuzoea. Akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi Ustawi mpya, mama. Naulizia huyo mtoto, amekula?"

Kimya. Kwa nyuma nilisikia sufuria ikiwekwa chini.

"Hapa hakuna mtoto, mwanangu. Umekosea namba."

Akakata. Kijana akanitazama kama mtu aliyefeli mtihani, masikio yamemwiva. Hata sijamjibu, simu yangu ikaita.

"Dada Ustawi," mama alisema kwa sauti ya chini, "kuna kijana amepiga anaulizia mtoto. Namba yake nimeiandika ukutani kwa mkaa. Niisome?"