Kuku wetu ni Muislamu?

Jana mwanangu wa miaka sita kaniuliza mbele za watu, "Baba, kwani kuku wetu ni Muislamu?" Maana kamuona mzee wa nyumba ya nne kaitwa, kamlaza jogoo kuelekea kibla, bismillah, kamaliza, na mie nimeshika miguu tu kama saidia fundi. Nilicheka ila Pasaka ya 2013 ikanirudia yote.

Mwaka ule mnaukumbuka, Mtwara yetu vurugu za gesi zimepamba moto, kule Geita Wakristo na Waislamu wanagombania nani achinje mpaka damu imemwagika. Mie ndo kwanza nimeokoka, moto kweli kweli, nikamwambia mama safari hii hatuiti mtu, nachinja mwenyewe, mbona Paulo aliwaambia Wakorintho cha sokoni kuleni bila kuuliza-uliza. Mama hakunijibu, akaendelea kupeta mchele. Nikachinja sita.

Mchana majirani wakaja kama kila mwaka. Bibi wa nyumba ya pili akakaa mkekani, kanga ya sikukuu bado inanukia udi, akapewa sahani ya pilau, akanawa, akakusanya tonge. Likiwa limefika karibu na mdomo akaniuliza taratibu, kama anauliza saa ngapi, "Kachinja nani, baba?" Nikasema mimi, tena kwa sauti. Tonge likarudi sahanini, akaliweka pembeni vizuri kabisa kama kitu cha kuvunjika, akasema "ahsante baba, nna tumbo leo," akaomba ndizi. Na hakuondoka! Akakaa mpaka alasiri anapiga soga na mama, anamenya ndizi yake pole pole, na wengine pale mkekani nao wote wakawa na matumbo. Sufuria lililopikia pilau lile lilikuwa lake, tuliazima kwake asubuhi.

Baadaye nikarudi kwenye ile barua, kumbe Paulo alikuwa anamwambia mlaji, siyo mwenye shughuli.

Siku hizi namwita mzee. Kanisani kuna wanaosema nimelegea, labda ni kweli, sijui. Nikishika miguu nasema sala yangu kimoyomoyo, nayo sijui kama inahesabika kwa kuku aliyeshasomewa.

Mtoto nilimjibu kuku hana dini. Akasema, "Sasa mbona mmemgeuza kule?"