Lusajo na viazi vya upande wa pili

Msimu wa viazi ukifika hapa Uyole, Mbeya, mimi na mdogo wangu Lusajo tunakaa kwenye turubai tunachambua: vikubwa gunia la kulia, vya mbegu ndoo ya kushoto. Lusajo ana miaka 26. Alizaliwa na hali ya Down, yaani kromosomu ya 21 anazo tatu badala ya mbili. (Si usonji, mama mkubwa, nimeshasema.) Viazi anavijua kuliko vibarua wengi; kilichooza anakinusa kabla hajakigusa.

Ila mtazame mikono: hakuna unaovuka katikati ya mwili kwenda upande wa mwenzake. Kiazi kikubwa kikiwa kushoto kwake, anakiokota kwa mkono wa kushoto, anakileta usawa wa kitovu, anaukabidhi mkono wa kulia, ndipo kiingie guniani. Utadhani mpaka wa Tunduma umepita katikati ya kifua chake na kila mzigo lazima uhamishiwe gari jingine. Asipohamisha, anageuza kiwiliwili kizima. Asubuhi za Juni, ngozi zikipauka kwa baridi, mapaja anajipaka mafuta vizuri tu. Mikono, ambako kiganja lazima kivuke, anaisuguanisha mmoja kwa mwingine.

Nyumbani waliita uvivu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenifumbua macho. Nusu ya kushoto ya ubongo huongoza mkono wa kulia, na ya kulia huongoza wa kushoto. Nusu hizo huwasiliana kupitia fungu nene la nyuzi za neva. Kuvusha mkono upande wa pili wa mwili kunazitaka zote mbili zielewane, na kiwiliwili kitulie huku kikijizungusha kidogo. Watoto wengi huanza kuvusha vizuri wakiwa na miaka mitatu, minne. Wenye ulemavu wa akili wengi huchelewa, na wenye Down misuli yao ni legevu tangu kuzaliwa, kwa hiyo kuinama kando ni kuhatarisha kuanguka. Lusajo alichagua njia ya usalama.

Kuna kile kipimo cha kale cha darasa la kwanza, mkono juu ya kichwa ushike sikio la pili. Alikosa, akarudishwa nyumbani. Kipimo cha urefu wa mkono, kwa mtu ambaye hali yake yenyewe humfupisha mikono!

WhatsApp wananitumia video: kiwiko cha kushoto kwenye goti la kulia, akili itafunguka. Utafiti haujathibitisha hilo. Sisi tumebadilisha mpangilio tu. Mkono wa kulia ndio wake wa nguvu, basi wa kushoto nimeupa kazi ya kushikilia mdomo wa gunia. Wa kulia hauna msaidizi tena, unavuka wenyewe. Nilianza na viazi vilivyo karibu na magoti yake, nikavisogeza kushoto polepole. Akichoka, mchana, anarudia kuhamisha, nami simsemeshi. Lumbesa inajaa vilevile.

Sweta ndiyo bado. Mkono wa pili hauoni njia, na kabla ya saa moja asubuhi sina subira hiyo. Namvalisha.