Kuvuka Rufiji kwenda kuzika

Ukisema "kwa Mkapa" jijini Dar, watu wanawaza uwanja wa mpira. Sisi wa kusini tunawaza daraja la Mto Rufiji, karibu kilomita moja ya zege, lililofunguliwa mwaka 2003. Wengi hulisifia kwa biashara ya korosho. Mimi nalipendea misiba.

Kabla yake tulivuka kwa pantoni pale Ndundu. Kiangazi ulikaa foleni, hatimaye ukavuka. Masika mto ukijaa, barabara nayo inageuka tope, na mwenye safari ya Lindi au Mtwara anatafuta meli. Babu yangu alifariki Newala katika mvua za El Nino, 1998. Sisi ni Waislamu, maiti haicheleweshwi. Baba alikuwa Dar, akafika arobaini imeshapita, akaonyeshwa tuta lililokwisha kuota majani. Shangazi zangu walilia upya walipomwona. Yeye ndiye mtoto wa kiume mkubwa. Ilikuwa ashuke kaburini ampokee mzee na kumlaza kwenye mwanandani. Kazi hiyo aliifanya jirani. Baba hajawahi kulizungumzia hilo bila kunyamaza kwanza.

Daraja peke yake halikutosha. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kiliendelea kunasa mabasi kwa miaka mingi, mpaka lami ilipokamilika.

Bibi alipofariki, lami ilikuwepo. Tulipigiwa simu usiku, tukaondoka Dar kabla ya alfajiri. Kutwa wazee walikuwa wakiuliza, "Mmefika wapi?" Baba alipojibu, "Tumeshavuka Mkapa," wakakubaliana maziko yasogezwe hadi baada ya alasiri. Jibu hilo sasa kila familia ya kusini inalijua: ukishavuka, unahesabiwa kuwa umo msibani. Baba alishuka kaburini mwenyewe.

Mzee Mkapa, rais wetu wa tatu, alifariki Julai 2020, akazikwa kwao Lupaso, Masasi. Waombolezaji waliotoka Dar kwa barabara walipita juu ya daraja lenye jina lake. Nadhani heshima hiyo inamstahili kuliko ile ya uwanja, na nasema hivyo nikiwa mpenzi wa mpira.

Kama kwenu kuna mzee aliyefanya kazi kwenye pantoni ya Ndundu, mrekodi kwa simu yako. Muulize masika walikuwa wanawaambia nini wafiwa waliokwama ng'ambo.