Kikao cha Safari

Kwetu Ngamiani, Tanga, mtu husafiri kwa sababu inayotajika: msiba, arusi, hospitali, biashara, hija. Ukisema unakwenda kuzika hakuna atakayekuuliza zaidi, watakuchangia na nauli. Mwaka 2019 mimi nilisema nakwenda Zambia na Malawi, miezi mingi, kutembea tu. Mama alinyamaza kutwa nzima. Baada ya Magharibi ndipo akaniita.

"Kutembea ni Raskazoni hapo ufukweni, mwanangu. Zambia unaendea nini?"

Majibu nilikuwa nayo, tena kwa maandishi. Mimi ni fundi cherehani, na malengo yangu ya safari niliyaandika kurasa za nyuma za daftari la vipimo vya wateja. Kupanda treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 bila kuruka kituo. Kuona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yale ya Victoria. Kupanda meli ya Ilala kwenye Ziwa Nyasa. Kufika Kisiwa cha Msumbiji, kisha kurudi nyumbani kwa Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa, NCHI TANO. Pasipoti nilishaichukua, ile ya kielektroniki ya shilingi 150,000, na akiba ilitokana na sare za arusi na nguo za Idi. Kwa upande wangu mambo yalikuwa yamekwisha.

Mama hakulisoma daftari. Alimpigia simu mjomba, na kesho yake tukakaa kikao ukumbini: mama, shangazi, mjomba na mimi. Mjomba alikuwa baharia wa meli za mizigo mpaka magoti yalipomkatalia. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku mkono umeshanyooshwa kudai daftari. Akalifungulia mbele badala ya nyuma.

"Kiuno 44. Huyu nani?"

"Siri ya mteja, mjomba."

Shangazi alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nina hakika alikuwa anamjua mwenye kiuno.

Mjomba alipofika kwenye nchi tano alisimama hapo. "Bibie, madereva wa malori wa Tunduma wanapita nchi nyingi kuliko hizi, na hakuna aliyewaambia kuwa ni malengo. Mimi Durban nimeingia mpaka nimechoka. Niulize Durban ikoje." Nikamuuliza. "Geti la bandari, na duka linalouza kadi za simu. Basi. Karachi hivyo hivyo, geti na duka. Nilikuwa natimiza hesabu ya watu wengine."

Kalamu haikuwapo karibu. Akaokota chaki yangu ya bluu, ile bapa ya kuchorea kitambaa, akapiga mstari juu ya NCHI TANO. Unga ukamwagikia mapajani, akaupangusa kwenye kikoi.

Alipofika Kisiwa cha Msumbiji hakutania. Kwenda kule si tatizo, alisema, ila njia ya kurudi kwa Daraja la Umoja ingenipitisha Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, na huko vijiji vilikuwa vikishambuliwa tangu Oktoba 2017. Mstari mwingine. Nilitaka kubisha, nikamwona mama ameacha kumenya mihogo, kisu kiko hewani. Nikaacha.

Mosi-oa-Tunya aliyaacha. "Haya ni ya macho, na macho nayo yana haki yake." Treni akaifuta, ati chombo cha kukufikisha hakiwezi kuwa lengo. Hapo mimi naye hatujakubaliana mpaka leo. Reli ile tuliichora shuleni, na nilitaka kuamka nione Mlimba dirishani, nilale tena, niamke Makambako kwenye baridi. Kama hilo si lengo, basi ni nini? Nilipanda hata hivyo.

Kisha akauliza swali ambalo kwangu ndilo lililokuwa kikao chenyewe. "Umeshafika mji. Umelala. Asubuhi umeamka, humjui mtu, maporomoko umeshayaona jana. Unatoka nje, unakwenda wapi?"

Sikufikiri. "Natafuta wanakokaa mafundi."

"Basi lile ulilonalo ni hilo, na hukuliandika."

Aliniambia niandike mwenyewe. Niliandika: kukaa na mafundi wa Lusaka na wa Blantyre mpaka nijue kukata ile mikono ya vitenge iliyofura begani. Wateja wangu walikuwa wakiniletea picha zake kwenye simu, na mimi nilikuwa nikiikwepa, nawapa mkono wa kawaida wenye marinda mawili. Mjomba akataka mwisho wake uwepo: nitajuaje kwamba nimejua? Tukakubaliana kwamba ni siku nitakapokata mkono huo kwa macho na futi, bila kufuatisha karatasi ya mtu, na mwenye nguo akainua mkono juu bila kubanwa.

Mama akasema hilo sasa linasemeka kwa majirani. Mjomba akamkata kauli: kwa majirani sawa, mpakani hapana. Mtanzania haingii Zambia wala Malawi kwa viza, lakini ruhusa ya matembezi si ruhusa ya kazi. "Ukikaa kwenye cherehani ya mtu ukapokea hata kwacha moja, umefanya kazi. Wewe unatazama, unauliza, unashika mkasi ukipewa. Hela hupokei." Nikaliandika nalo.

Fedha zilitupeleka mbali zaidi ya yote. Niligawa akiba kwa miezi, mjomba akaigawa upya: kwanza nauli ya kurudi kutoka sehemu ya mbali kabisa, iwekwe kando, isihesabiwe wakati wa njaa wala wakati wa kitambaa kizuri. Hilo la kitambaa alinitazama usoni. Mama aliongeza simu kila Ijumaa baada ya swala, na shangazi akaagiza vitenge vya David Whitehead vya Malawi, doti ngapi hakusema, rangi alitaja zote.

Lusaka, soko la Kamwala, mama mmoja mwenye cherehani mbili alinikubalia nikae. Alinipima kwanza kwa vifungo: nilipiga matundu, akayageuza ndani nje, akayavuta kwa kucha, akanisogezea kigoda. Mkono wenyewe ulinichukua muda. Wa kwanza ulisimama kama sikio la mbuzi upande mmoja na kulala upande wa pili, kwa sababu mvuto wa kitambaa nilikuwa nimeuweka wote mbele. Alinionyesha kwa kubana pini nyuma ya bega, kidogo kidogo, bila maneno mengi.

Uliposimama sawa pande zote niliupiga picha nikamtumia mjomba. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake nikisikia pikipiki za Ngamiani: "Mkono mzuri, mpwa wangu. Nauli ipo?"