Bahasha ya Magomeni Suna

Machi 2012 nilikuwa mwaka wa tatu Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nasoma jiografia, na siku hiyo wahitimu wanne wa zamani walikuja kuzungumza na sisi tuliotaka kazi za tabianchi. Watatu wa mwanzo walituonyesha picha za Durban, Afrika Kusini, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa uliokuwa umemalizika Desemba 11, 2011. Zilinivutia mno. Nilishajiona humo ndani, beji shingoni.

Wa nne hakuwa na picha. Nitamwita Dada tu, maana hapendi kuandikwa. Kazi yake ilikuwa kupima mito. Alisimama akatuuliza, "Desemba 21 mlikuwa wapi?"

Nani Dar es Salaam aliisahau siku ile? Durban ilikuwa na siku kumi tu tangu ifungwe. Mvua ya zaidi ya milimita 150 ilishuka kwa siku moja, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikasema ya namna hiyo haikuwahi kuonekana tangu 1954. Watu kama 40 walikufa. Dada akachukua chaki. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi kila mita ya mraba ya jiji, iwe paa, uwanja au barabara, ilimwagiwa ndoo saba na nusu za lita 20. "Na sehemu kubwa ya ndoo hizo," akasema, "ziliutafuta mto Msimbazi."

Watu walipotawanyika nikamfuata, nikamuuliza nifanyeje ili nami nifike kwenye mikutano kama ile ya wenzake. Alinitazama kidogo.

"Jumamosi una nafasi?"

Jumamosi tulikuwa watatu: yeye, mimi na mwenzangu mmoja wa darasani aliyekuwa akikaa Pugu Kajiungeni. Tulishuka daladala Magomeni Mapipa, tukateremka kwa miguu mpaka Suna, bondeni. Dada alikuwa na futi ya kamba, daftari la jalada gumu na kalamu za risasi. Wino, alisema, ukilowa unaondoka na kazi yote.

Tulikwenda kutafuta alama za maji. Mafuriko yakishapita hubaki mstari ukutani. Unapima kutoka ardhini hadi kwenye mstari, unaandika mahali na kimo, unahamia nyumba nyingine. Vimo vikishakuwa vingi unaweza kuchora ramani ya jinsi maji yalivyokaa, na ramani hiyo ndiyo itakayosema daraja liinuliwe kiasi gani, au nyumba isijengwe wapi.

Nyumba ya tano alipanga mama mmoja aliyekuwa amekaa kibarazani akichambua mchicha. Jirani zake wawili walikuwa wameshahamia Mabwepande, walikopewa viwanja waathirika wa mafuriko. Tulipiga hodi, tukamwamkia, akatukaribisha. Mstari ulionekana dhahiri: rangi ya kahawia, umenyooka, kuta zote nne za chumba. Nilivuta futi, nikasoma, nikaandika 94. Sentimita 94. Nikafunga daftari, nikamwambia Dada hapa tumemaliza.

Hakunijibu. Alivuta kigoda, akaketi karibu na mama, akachukua fungu la mchicha naye akaanza kuchambua. Nilisimama pale mlangoni kwa muda nilioona mrefu sana. Walizungumzia bei ya mkaa. Walizungumzia watoto. Kisha mama mwenyewe akaniuliza, "Mwanangu, pale chini unapima nini?"

Nikamwambia napima maji ya Desemba.

"Yale ni ya siku ya pili, yameshatulia. Ya kwanza si hapo."

Akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake. Maji yalipoanza kuingia usiku, alisema, aliichomeka juu kabisa, pale ukuta unapokutana na paa, kwenye mtambaapanya, ndipo akawatoa watoto. Alirudi siku ya tatu akaikuta palepale. Ukingo wa chini ulikuwa na doa la tope, upana wa kidole kimoja. Baada ya mafuriko mwenye nyumba alikuwa amepaka chokaa kuta zote. Huko juu ilishika, huku chini unyevu ukairudisha alama ya maji yaliyotulia. Kama si ile bahasha, ukuta ungetudanganya.

Nikapanda kwenye kiti nikapima upya. 231.

Nilitaka kufuta ile 94. Dada akanishika mkono. "Usifute. Kata mstari mmoja, andika pembeni, na andika nani kakwambia."

Siku hizi wanafunzi hunifuata mimi. Tangu zitoke kanuni za biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kupunguza hewa ukaa, mwaka 2022, wengi wanataka kazi za kaboni, na wanaomba niwasaidie barua ya maombi, au niwaunganishe na mtu. Nawasaidia, kwa moyo mmoja. Lakini naamini, na sioni haya kulisema, kwamba mhitimu anayempa mwanafunzi namba za simu tu hajamlea bado. Ampe na Jumamosi yake.

Tulipoaga, mama alituuliza, "Sasa masika ndiyo haya yanakuja. Nilale au nihame?"

Niliona aibu, maana sikuwa nimelifikiria. Dada alimjibu bila kuzunguka. Mto huu, alisema, unaanzia vilima vya Pugu. Ikinyesha kwa nguvu huko, maji yatafika hapa hata kama Suna kuna jua. Asingoje kuyaona. Kisha akanigeukia mimi na mwenzangu: "Wewe unakaa Pugu. Na wewe utampigia mama. Masika yote."

Basi ndivyo tulivyofanya. Mwenzangu akiamka anasikiliza bati, ananipigia. Nami, hata bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, likiwa limekwisha, sikukosa vocha ya kumpigia mama. Siku nyingi nilimwambia Pugu pakavu, naye ananishukuru, ananiuliza kama nimekula. Alfajiri moja ya Aprili simu ya mwenzangu iliniamsha kabla ya adhana, na nyuma ya sauti yake nikasikia bati likipigwa kama ngoma. Nikampigia mama hapohapo.

"Mama, Pugu kumekucha na mvua kubwa."

"Haya mwanangu," akasema. "Watoto nimewaamsha. Bahasha ninayo mkononi."